Picha ya Bibi Dafrosa

Misunkumilo,
S.L.P. 41,
Mpanda, Rukwa.
19 Februari, 1978.

Mpendwa dada Eufrazia,

Shikamoo dada. Shemeji Melkior naye mpe shikamoo yake, na watoto uwashike vichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mnaendeleaje huko Tanga? Mkonge haujamchosha shemeji? Na kile kikohozi chako cha asubuhi, kimeisha au bado unakificha? Sisi huku tunapumua. Siku hizi hiyo ndiyo salamu ya Mpanda: mtu akiulizwa hali anajibu kwamba anapumua, na aliyeuliza anaridhika.

Barua yako ilinifikia imekunjika kama iliyosafiri mfukoni mwa utingo. Uliuliza jambo moja tu, kama ni kweli uliyosikia kuhusu Bibi. Nitakujibu, ila uniruhusu nianzie ninapotaka, maana nakujua, tangu utotoni ukihadithiwa jambo unaruka katikati na kukimbilia mwisho. Usiruke. Na usilie kabla hujafika.

Kwanza, wifi yako Katarina alijifungua salama. Ni mtoto wa kike na tumempa jina lako, na tabia amejichukulia mwenyewe: akitaka kitu analia mpaka apewe, akishapewa anakitupa. Bibi alikuja kutoka Usevya kumlea mzazi. Alishuka kwenye lori na kapu la mchele, na kuku aliyetaga njiani, na yai akawa amelishika mkononi kwa fahari. Alipanga kurudi baada ya arobaini. Kabla haijatimia, kipindupindu kikaingia wilayani, barabara ikafungwa, naye akabaki kwetu akinung'unikia mpunga wake.

Dada, ugonjwa huu nilikuwa nikiujua kwa kuusoma tu. Mashine yangu ya picha imelala. Mafuta ya jenereta yanakwenda kwenye pampu ya maji, na mimi niliyekaa Dar es Salaam miaka yote ile nikijifunza kusoma mbavu za watu kwenye filamu, sasa kutwa natafuta mishipa kwenye mikono iliyonyauka. Vile vyuma nilivyokuwa nikianikia filamu zikauke tumevipinda, vinaning'iniza chupa za dripu kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Mganga mkuu alituambia daktari ni daktari, na hakuna aliyebisha.

Nikiwa zamu siruhusiwi kwenda mbali. Hata nikienda kunyoa lazima niache habari niko kwa nani. Simu nyumbani hakuna, kuna Makoye, dereva wa Landrova ya hospitali, mzee wa Kisukuma mwenye subira nyingi kila mahali isipokuwa kwenye honi. Amenitoa mezani, amenitoa bafuni nikiwa na sabuni masikioni, na Jumapili moja amenitoa kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri marefu. Watu walinigeukia kwa huruma. Nadhani wengine walinionea wivu.

Kanisani kwenyewe kumebadilika. Kile chombo cha maji ya baraka mlangoni kimekaushwa, lakini watu wakiingia bado wanatumbukiza kidole mlemle na kujipiga ishara ya msalaba kwa kidole kikavu. Mimi pia. Jana nimejikuta nafanya hivyo huku mwenyewe ndiye niliyeshauri kikaushwe.

Ndipo ninapoikumbuka Usevya, dada, na ninaikumbuka sana kupita zamani. Unalikumbuka dungu letu kule shambani, tulilokaa juu yake kuamia mpunga usiliwe na ndege? Wewe ulishika debe kwa kuwa ni mkubwa, mimi nikaachiwa kombeo ambalo halikuwahi kumpata ndege hata mmoja. Nakumbuka harufu ya mpunga unaoanza kuiva, na sauti yako ukiwafukuza ndege mpaka inakauka. Na unakumbuka kwamba Bibi hakutuita kamwe tushuke kula? Alisema akimwita aliye zamu ndege wataumaliza mpunga, kwa hiyo bora yeye amfuate. Alipanda ile ngazi ya miti, viazi vya moto kavifunga kwenye kanga, akakaa katikati yetu tukala wote miguu ikining'inia. Ningetoa kitu kikubwa kukaa pale tena jioni moja tu.

Sasa nifike unakotaka. Jirani yetu Mzee Damiano alifariki, si kwa kipindupindu, ni uzee. Nilikuwa nimewakataza wa nyumbani kula misibani, kwa sababu ya lile beseni moja la kunawia linalozunguka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Nilieleza mpaka nikachoka. Bibi alinisikiliza vizuri, akavaa kanga yake ya msiba, akaenda. Alikaa mbele na wazee wenzake, beseni likapita, akanawa na akala. Nilipomuuliza alisema hawezi kwenda kulia na watu halafu ayakatae maji yao.

Keshokutwa yake asubuhi alianza kuharisha. Katarina alipomtuma mtu kuniita na mimi nikafika, macho yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono nikiifinya inabaki imesimama. Niliogopa, dada. Nimewaona wengi namna ile, lakini sikuwahi kumwona Bibi akiwa mdogo kiasi kile kitandani. Nikamwambia twende kambini upesi.

"Huko siendi," alisema. "Wanaingia kwa miguu yao, wanatoka wamefungwa nailoni, hata kuoshwa na ndugu zao hawaoshwi. Nyie kama mnataka kunisaidia, nipelekeni kwenye picha."

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu wewe ulishaolewa mbali. Mwaka juzi alianguka kutoka kwenye kihenge, akaletwa kwangu kifua kinamuuma. Nikampiga picha, hakuna ubavu uliovunjika, na kesho yake maumivu yakaisha. Yeye akaitangazia Usevya nzima kwamba picha ya mjukuu wake inatibu. Tangu hapo wanakuja watu kutoka kule na majipu, na meno, na mmoja na mke aliyekimbia, wote wanataka picha. Nimewaeleza kwamba picha inaonyesha tu, haiponyeshi. Wananiitikia kwa heshima na kuendelea kusubiri kwenye benchi.

Basi siku hiyo sikueleza kitu. Mashine haina umeme, lakini chumba kipo. Kumburura mtu mzima kwa nguvu hadi kambini mbele ya majirani sikuweza, na kumwacha afe kwa ubishi wake sikuweza vilevile. Nikamwomba mganga mkuu chumba changu. Kambi ilikuwa imefurika, akakubali. Nesi Tereza akakiosha kwa dawa, akatandika nailoni juu ya meza ya picha, akaweka ndoo chini, na chupa ya dripu tukaitundika kwenye mkono wa mashine yenyewe.

Nikamwambia Bibi kwamba picha ya tumbo si kama ya kifua, inakwenda polepole, na lazima alale kimya mpaka maji ya kwenye chupa yaishe, na labda chupa nyingine na nyingine. Nesi Tereza aligeukia ukutani. Bibi akasema tupige basi, taratibu.

Alilala hapo chupa zikibadilishwa. Kuna wakati mapigo ya mkono yalinipotea chini ya vidole nikabaki nimeushika tu, nikiomba kama mtoto. Midomo yake ilikuwa ikisema mambo ya kule nyumbani. Aliuliza kama ndege wamefukuzwa. Aliuliza mbona haisikii sauti ya Eufrazia. Nikamwambia umekwenda kisimani, unarudi. Honi ya Makoye ikalia nje. Nesi Tereza akatoka kumwambia kwamba daktari anapiga picha, na mwenzangu Enoka akaenda badala yangu. Mapigo yalirudi taratibu, kwanza membamba, halafu ya kuhesabika. Alipoomba uji nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo.

Yuko hai, dada. Sasa unaweza kulia.

Juzi alikuwa ameketi uani amempakata Eufrazia mdogo, akaniuliza picha yake iko wapi. Nikamwambia haijakauka. Alicheka mpaka mtoto akashtuka.

"Mashine haikulia, Josephat," alisema. "Mwaka ule ililia mpaka meno yakanitetemeka. Nilijua tangu mwanzo kwamba hakuna picha. Lakini ulikuwa zamu, na wewe kila mtu anakuita. Ningekuita na mimi, ungemwacha nani? Chumba kile ndicho dungu lako. Nikakufuata."

Nilimchukua mtoto nikajifanya nampeleka kwa mama yake.

Kuhusu safari yako ya Pasaka, nakuomba usije kwanza. Naandika hivi moyo ukiniuma, kwa sababu hakuna ninayetaka kumwona kama wewe, na Bibi hatujui amebakiza miaka mingapi. Lakini barabara bado imefungwa na wewe una watoto. Ikifunguliwa nitakupigia simu ya maandishi siku hiyohiyo. Kwa sasa Bibi anaomba picha yako, ya studio, na amesisitiza kwamba anataka ya nje ya mtu, za ndani ameshazichoka.

Wasalimie shemeji Melkior, Marsela na Bartolomeo, na yule mama Nyanzala jirani yako aliyenipikia samaki nilipopita huko. Katarina anawasalimu nyote. Nanyi chemsheni maji, hata kama shemeji atasema yanapoteza ladha.

Mungu awaamie huko mliko kama tulivyouamia mpunga wa Bibi, na asishuke dunguni. Akiona njaa, namjua mtu atakayempandishia viazi.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,

Josephat