Mchanga Unaoshuka

Garsen, 8 Juni 1997

Kwako shemeji Kadra, huko Madogo,

Assalaam alaikum. Mimi ni mzima, Ifrah binti yetu ni mzima, na ng'ombe waliobaki baada ya ukame wanasimama wenyewe bila kuinuliwa, alhamdulillahi. Vipi wewe na mume wako? Yule mbuzi anayekula maboksi ya duka lenu bado yuko?

Hatujaandikiana tangu nilipomzika dada yako Madina. Naandika kwa mambo mawili. La kwanza, Ifrah ana mimba. Mumewe Farah yuko mbali na mifugo, kwa hiyo amerudi kukaa kwangu.

La pili litakuchekesha. Juzi nilikuwa navuta maji, kamba ikaniponyoka. Ndoo ikarudi chini, na kapi, lile gurudumu la kamba, likazunguka kwa kasi mpaka likalia. Nikajiuliza. Ile nguvu imekwenda wapi? Baiskeli huwasha taa kwa gurudumu kuzunguka tu. Basi kitu kizito kikishuka polepole kisimani, kikazungusha gurudumu, si taa itawaka? Na upepo hauwezi kuizima.

Wewe hukuwepo usiku ule Madina alipofariki akijifungua. Koroboi ilizimwa na upepo, viberiti vimelowa, na Kabibi mkunga anaita, "Mwanga! Nipeni mwanga!" Mpaka leo nikikaa kimya nasikia sauti yake, ndiyo sababu sikai. Nazunguka boma mchana kutwa.

Naomba unitafutie dinamo ya baiskeli na glopu zake.

Ni mimi shemeji yako,
Kuno


Madogo, 25 Juni 1997

Shemeji Kuno,

Waalaikum salaam. Sisi tu wazima, joto tu na vumbi la malori. Mbuzi yuko, mwezi huu amekula kalenda. Mwambie Ifrah nimefurahi mpaka nikalia.

Dinamo hiyo atakuletea Dahir, dereva wa lori la mbuzi. Mume wangu alipoisoma barua yako alimwaga chai kwa kucheka. Mimi sikucheka. Garissa iko ng'ambo ya daraja tu, na hospitali ina taa ukutani, unabonyeza inawaka. Ya nini kufunga jiwe kamba?

Nikuulize jambo. Kisima cha baba yetu kilivutwa na watu wanne, wamesimama ndani kwenye vidato, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo na kuimba. Hata baba, na kiburi chake chote, hakuvuta peke yake. Wewe unajenga mtambo wa mtu mmoja. Jiwe likifika chini, utakapokuwa unahangaika kulipandisha, nani atakuwa na Ifrah?

Dada yangu alikwenda gizani. Ifrah ni mwanangu. Mpandishe kwenye lori aje kwangu.

Shemeji yako,
Kadra


Garsen, 14 Septemba 1997

Shemeji Kadra,

Assalaam alaikum. Hali zetu ni njema. Ifrah amenenepa uso, anatembea kama mama yake, mkono mmoja kiunoni. Dahir aliniambia mume wako ana homa; natumaini imepoa.

Dinamo ilifika. Nimeujenga ule mtambo kwenye kisima kikavu nyuma ya boma. Baiskeli imepinduliwa juu ya magogo. Kamba imezungushwa kwenye gogo dogo mahali pa pedeli, na gunia la mchanga linaning'inia. Mara ya kwanza nilipoliachia lilikwenda kama jiwe la kombeo, glopu ikang'aa, ikapasuka. Abdirizak jirani yangu alikaa chini kwa kucheka. "Kuno, umepata umeme wa kupepesa jicho!"

Nikaongeza baiskeli ya pili, mnyororo kwa mnyororo, ili mzigo ushuke kwa taabu. Shemeji, sasa unashuka taratibu, na taa inawaka kwa muda wa wazee wawili kusalimiana na kuulizana habari za kila ng'ombe. Ifrah alishona gwanda la mtoto chini yake.

Abdirizak bado hajaacha kunicheka. Kila asubuhi ananipigia kelele kutoka kwake: "Ndama wako wa mchanga amenyonya?" Simjibu. Gunia nalipandisha mwenyewe. Mikono imechubuka, lakini nikimaliza nataka kulishusha tena. Hata chakula nakula nimesimama. Madina alikuwa akinivuta shuka: "Kaa, chakula hakikukimbii."

Nimesikia maneno yako. Ifrah atazaa mwezi wa kumi na moja. Lori la Dahir likipita katikati ya Oktoba, nitampandisha. Mtambo utabaki kwa mwingine atakayeuhitaji.

Shemeji yako,
Kuno


Madogo, 19 Novemba 1997

Shemeji Kuno,

Sijui hata kama barua hii itafika. Mko hai? Mna chakula? Ifrah yuko wapi?

Mvua hii haijawahi kuonekana. Dahir aligeuka njiani na mbuzi wake, anasema barabara yote ni mto. Redio inataja Garsen kila siku, na mimi nasogeza sikio kama atakayesikia sauti yako humo. Nimetandika kitanda cha Ifrah. Kila jioni nakikung'uta vumbi, nakitandika tena.

Nilisema vibaya juu ya mtambo wako. Kama unawaka, uwashe. Niandikie hata mstari mmoja.

Kadra


Garsen, 7 Januari 1998

Kwako shemeji yangu Kadra,

Assalaam alaikum. Ifrah ni mzima. Mtoto ni wa kike, ni mzima. Nimeanza na hayo ili usome mengine umekaa.

Barua yako imefika kwa mtumbwi, wino umetawanyika, lakini neno "kitanda" lilisomeka.

Mvua ilitangulia lori. Tukahamia kwenye kinundu cha ardhi, sisi, Abdirizak na watu wake, na Kabibi na mumewe ambao shamba lao lilizama. Kisima changu kikavu kilijaa maji mpaka mdomoni. Gunia langu lilikuwa linaelea, shemeji, likiwa limepasuka, na mchanga wote umekwenda. Miezi yote ile niliiweka akili yangu yote kwenye shimo, na shimo likawa bwawa. Nchi hii haina hata kilima cha kushushia kitu.

Mume wa Kabibi ndiye aliyesema, "Dungu langu, lile jukwaa la kufukuzia ndege shambani, limesimama bado." Tukalifuata kwa mtumbwi, tukaling'oa, tukalisimamisha nyuma ya kibanda cha Ifrah, nikafunga juu yake zile baiskeli na kujaza gunia jingine. Ni fupi. Kule kisimani wazee walimaliza salamu; hapa wangefika kwenye "watoto hawajambo" tu, na gunia liko chini.

Uchungu ulimshika jua likizama, mvua inanyesha. Nikaachia gunia, taa ikawaka. Likafika chini, giza. Nikalipandisha, nikaliachia, nikalipandisha. Safari ya tatu gunia likanishinda. Kabibi akaita kutoka ndani, maneno yaleyale: "Mwanga!" Nami nimelala juu ya gunia, siwezi.

Nikasikia mtu ananisukuma kando. Alikuwa Abdirizak. "Toka, mzee. Tangu lini kisima kikavutwa na mtu mmoja?" Akapanda ngazi ya dungu, mume wa Kabibi juu yake, vijana wawili wa Abdirizak chini. Wakapokezana lile gunia kama ndoo, mkono kwa mkono, na Abdirizak akaanza wimbo wa kisimani, ule wa kumwita kila ng'ombe kwa jina lake aje anywe. Ng'ombe wake wengi maji yameshawachukua. Aliwataja wote.

Taa ilikuwa ikizimika kila gunia lilipopanda, lakini wimbo haukuzimika. Ifrah ameniambia hakuogopa giza, maana alisikia mwanga unakuja.

Mtoto alipotoka, damu ikafuata, kama kwa mama yake. Safari hii Kabibi aliiona mapema. Nilimsikia akiwaambia wanawake waliokuwa naye, "Naona. Naona. Shikilieni hapohapo." Wale wanaume waliimba mpaka damu ikakoma na sauti zao zikakauka.

Asubuhi Abdirizak aliniuliza, "Ndama wako amenyonya?" Nikamjibu kwa mara ya kwanza: amenyonya. Kisha nikakaa chini, nikala nimekaa, nikalala mpaka jua likanipata usoni.

Maji yakipungua, Ifrah atakuja na mtoto wakilalie kile kitanda. Usikikung'ute sana, kitaisha.

Ukimtaja Madina katika dua zako, unitaje na mimi.

Shemeji yako,
Kuno