Meja Amepanda Ndege, Mjomba

Mjomba Masanja,

Tangu nchi hii ipate uhuru hajatokea kijana wa Kisukuma aliyepaa juu kama mimi. Nimeliona Ziwa Victoria limelala pembeni dogo kama beseni, nikatamani kunawa mikono. Usukani aliushika rubani mzungu, hilo sikatai, lakini aliyeituliza ile ndege isianguke ni mimi Maganga, yule yule mliyekuwa mkimwita mtoro wa darasa la sita. Kwa hiyo shikamoo, na marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana siku hizi umekuwa mgumu wa kujibu.

Meja amefika. Nalitanguliza hilo ili utulie huko uliko.

Unakumbuka ulivyoniacha. Bwana Henriki na Mama Elsa walikuwa wamekwisha rudi kwao Uholanzi, wakakuachia wewe mpishi wao huyu mbwa wao Meja, mrefu kama ndama, kwamba wakishapata nyumba umpeleke Nairobi apandishwe ndege kubwa. Nyumba wakapata. Wewe homa ikakuwahi. Na kanuni ya kambi ya mgodi unaijua kuliko mimi: mzungu akiondoka, mbwa wake hupigwa risasi, asije akazurura na kung'ata watu. Msimamizi wa lindo alikuja nyumbani hata matanga hatujaanua. Akakaa, akanywa uji wetu, akasema, "Pole kwa msiba, kijana. Huyo mbwa mwisho wake Jumamosi."

Nikamwambia, "Mzee, Jumamosi Meja ana safari. Labda umpige huko huko angani."

Hakucheka. Mkeo Mama Kulwa alinifinya mpaka leo pana alama.

Lakini ningefanyaje, Mjomba? Ulinishika mkono siku ile ya mwisho, mkono wako wa moto, ukasema, "Maganga, Meja asife kwa risasi. Mfikishe." Hukusema nijaribu. Ulisema mfikishe. Basi kuanzia hapo sikuwa na ubishi na mtu, nilikuwa na kazi.

Kwanza sindano. Bila cheti cha sindano ya kichaa cha mbwa hapandi ndege yoyote, na bwana mifugo yuko Shinyanga mjini. Nikamwendea Mhindi wako wa Songwa, Bwana Alibhai, ambaye lori lake lilikuwa linapeleka pamba. Akamtazama Meja juu mpaka chini, akasema, "Huyu mbwa au farasi? Panda naye nyuma. Akikojolea robota langu, hilo robota utalivaa wewe." Tukapanda. Meja alikaa juu ya marobota kama mkuu wa mkoa, kila kijiji watoto wanatukimbilia, na mimi nawapungia mkono kwa niaba yake. Bwana mifugo alimdunga kutoka dirishani, Mjomba, nakuapia. Yeye ndani, sisi nje. Halafu akaniambia, "Siku ya safari asile kitu."

Hapo ndipo mkeo alipotuponza. Nilimweleza Mama Kulwa vizuri kabisa: bwana mifugo amekataza. Akaniuliza, "Huyo bwana mifugo ndiye aliyekulea? Mtu anakwenda nchi ya watu, hajui atakula nini huko, mimi nimwache aondoke kwangu na tumbo tupu? Majirani watasemaje?" Akasonga ugali wa mtama, akamwagia maziwa mgando, na Meja akala kama msafiri, akalamba na mwiko. Wewe mwenyewe hujawahi kumshinda Mama Kulwa jikoni, ningemshinda mimi?

Rubani wa ndege ndogo ya mgodi alikuwa anakwenda Nairobi kuchukua vipuri. Alikubali kumchukua Meja kwa sharti moja, awepo mtu anayesikilizwa naye. Nani mwingine? Ulimfundisha kila kitu kwa Kisukuma. Bwana Henriki akitaka mbwa wake mwenyewe akae chini, ilibidi akuite wewe utoke jikoni. Kwa hiyo wakaniweka nyuma, mshipi tumboni, Meja katikati ya miguu yangu, kichwa chake begani kwangu. Ndege ikanguruma. Akataka kusimama. Nikamwambia, "Igasha!" Akakaa. Rubani naye akakaa vizuri zaidi, nadhani alidhani nimemwambia yeye.

Tulipopita juu ya mbuga, ile ndege ikaanza kurukaruka kama gari kwenye njia ya matuta. Ugali wa Mama Kulwa ukakumbuka nyumbani. Wote, Mjomba, pamoja na maziwa, ukatua juu ya ramani ya rubani. Alisema maneno ya Kiingereza ambayo shuleni hawakufika kutufundisha, au walifundisha baada ya mimi kutoroka. Nikamfutia ramani kwa shati langu, nikamwonyesha Nairobi kwa kidole kana kwamba naijua. Tukafika. Nimeshuka kifua wazi katika nchi ya watu, na baridi ile, nimeshika mnyororo wa mbwa anayenizidi uzito, na watu wote wa kiwanja wamesimama kuniangalia. Ungecheka mpaka ukohoe.

Kicheko kiliishia hapo. Sanduku la safari lilikuwa limekwisha letwa, la mbao, lenye matundu ubavuni, na ndege kubwa iko tayari inapakia mizigo. Meja akaliangalia lile sanduku mara moja tu, akakaa chini kama mlima. Nikamwambia ingia. Hakuna. Wapakiaji wakaleta nyama. Akala nyama, akabaki nje. Wakamsukuma wanaume wanne. Akaonyesha meno, wakakumbuka wana watoto. Karani wa mizigo akatazama saa yake, akaniambia kwa Kiswahili cha pwani, "Kijana, asipoingia sasa, rudi naye ulikotoka." Kurudi ni wapi, Mjomba? Kurudi ni kwa msimamizi wa lindo. Nikasema, huyu ataingia.

Akaingia. Wakafunga, wakapakia, nikasimama pale kwenye uzio mpaka ile ndege ikawa kama nzi, ikapotea.

Sasa habari za huku. Kulwa na Doto wameanza shule, Doto anampiga mwalimu maswali mpaka mwalimu anatafuta kipindi cha kilimo. Mama Kulwa anakula, analala, jioni analia kidogo halafu anatukana kuku. Paa la upande wa jikoni nimelitengeneza kwa mikono hii. Na yule msimamizi wa lindo, sikiliza, amenichukua kazi kwenye banda la mbwa wa ulinzi wa mgodi. Alisema, "Mtu aliyempeleka shetani yule Ulaya hawezi kushindwa na hawa." Nawafundisha Kisukuma wote. Mzungu mpya analalamika. Mwache ajifunze.

Nakuahidi mambo haya, na unajua nikiamua. Watoto wako watamaliza shule, hata Doto. Darasa la sita lililonishinda nimelirudia jioni na watu wazima, nakaa na wazee wenye ndevu, na nitalimaliza. Na hakuna mbwa wa banda langu atakayepigwa risasi kwa sababu tu mwenyewe ameondoka. Nimekwisha mwambia msimamizi, na safari hii alisikiliza. Lala salama, Mjomba. Wabeja sana kwa kunilea.

Lakini siwezi kufunga barua kabla sijakwambia jinsi alivyoingia.

Nilizunguka nyuma ya sanduku nikalala kifudifudi, mdomo kwenye matundu, nikaita kwa sauti yako. Ile nzito, ya jioni, ukitoka kazini. "Nzugu, Meja. Nzugu, baba." Masikio yakasimama. Alikimbia, Mjomba, aliingia mle ndani mkia unagonga mbao huku na huku, akanusa pembe zote, na mlango ukafungwa nyuma yake. Halafu akaanza kulia kidogo kidogo, akinusa tundu nililoitia.

Siku tulipokuzika nilimfungia kwenye karakana. Niliona haya kuleta mbwa mbele ya waombolezaji. Kila mtu alitupa udongo, hata yule jirani mliyegombana naye kwa ajili ya ng'ombe. Meja hakuletwa aone, na asubuhi ya safari nilipita naye karibu kabisa na kaburi lako sikusimama, kwa kuwa nilikuwa na haraka na watu walikuwa wanatuangalia.

Bwana Henriki ameandika. Anasema Meja ni mzima, anakula, ila kila jioni huenda kukaa mlangoni akitazama njia, wala haitiki akiitwa. Wao wanadhani anapenda kuangalia theluji.