Ukuta Unatoka Jasho, na Mkwe Hatahayarishwi

Bi Mahira, assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwetu Kuze, Mji wa Kale, kwa sababu ndani siwezi kufikiri, nakuomba unisaidie kwa jambo ambalo ukilisikia utasema ni la mafundi, na wallahi si la mafundi, ni la mamangu na mume wangu.

Mimi na Faiz, mume wangu, tulikuwa tukikaa fleti kule Tudor, babangu alipofariki tukahamia hapa kwa mamangu, Bi Zakiya, ili asikae peke yake, na nyumba yenyewe ni ya kale, ya mawe na chokaa, boriti juu, mamangu alala chumba cha chini upande wa kichochoro. Babangu alikuwa na ada yake, kila mwaka kabla ya mvua akipaka chokaa kuta za nje na kusafisha mlizamu, lile bomba linalotoa maji ya paa, na mwaka jana Faiz alipoona chokaa imeanza kubanduka akasema safari hii mkwe wangu nitampa zawadi ya kudumu, akamleta Kombe, fundi aliyemjengea ndugu yake nyumba kule Tudor, wakapiga saruji ukuta mzima wa kichochoroni, wakapaka na rangi ya mafuta, na mlizamu wakaukata ukawa mfupi kwa kuwa ati uliharibu sura. Nyumba ikang'ara, majirani wakaja kutazama, mamangu akamwambia, "Mashallah, mwanangu, umenipambia nyumba kama bibi harusi."

Kumbe mvua za mwaka zilipokuja ukuta wa chumbani kwake ulianza kutoka jasho, mimi sijui, nimejua juzi tu nilipoingia mapema na chai nikamkuta amepiga magoti aufuta ukuta kwa leso kuukuu, nyuma ya kitanda pana beseni, sakafuni unga mweupe wa chumvi, na boriti moja pale iingiapo ukutani imekuwa laini hata kidole chazama, na huku ni kaskazi, jua kali, mvua hazijafika. Nikasema namwita Faiz aone. Mamangu akanishika mkono, akasema, "Thubutu. Mkwe hatahayarishwi. Alitoa kwa moyo wake, usimvunje. Niahidi hutamwambia." Nikaahidi. Na ni kweli kwamba Faiz tangu anioe hajakanyaga chumba kile, husimama ukumbini akamwamkia kwa heshima, akenda zake.

Sasa zile sifa zimempa mori, amemwambia Kombe aje Jumatatu apige saruji ukuta wa nyuma pia, na mamangu badala ya kumzuia amemwombea dua. Na mamangu mwenyewe ameanza kukohoa. Nikisema, nimevunja ahadi na nimemwaibisha mume wangu mbele ya mkwewe. Nikinyamaza, naogopa dari itamwangukia mamangu amelala. Nifanyeje?

Khairiya, Kuze

*

Waaleikum salaam, Khairiya. Pole, mwanangu. Ishike vizuri pole hiyo, maana baada yake sina nyengine.

Nyumba yenu yafa kwa adabu. Watu watatu wazima mwakaa chini ya paa moja, kila mmoja amchelea mwenzake, na boriti yaoza katikati yenu. Mamako asifu saruji asiyoitaka, mumeo aongeza akidhani yatakiwa, nawe wapita baina yao na chai. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Nyinyi mmeziba ukuta mzima, na kuziba huko ndiko kulikowaponza. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji kisha huyatoa. Huu wenu umevishwa koti juu ya nguo mbichi, na vifungo vikafungwa. Maji yamwagika kutoka mlizamu mlioukata, yaingia kwenye nyufa za saruji, na yakishaingia hayana pa kutokea ila chumbani kwa mamako. Kombe msimlaumu sana. Nyumba za Tudor ni za saruji tangu msingi, na huko kazi yake ni njema.

Sasa nisikilize. Mamako leo alale chumba chengine. Leo, si kesho. Boriti ile itiwe nguzo ya kuishikilia mpaka fundi anayezijua nyumba za kale aje aitazame, na hicho kikohozi kipelekwe kwa daktari. Mlizamu urudishiwe urefu wake utupe maji mbali na ukuta, lakini si kwenye ukuta wa jirani, maana hapo mtanitafutia barua nyengine. Saruji ibanduliwe pole pole kwa tindo, si kwa nyundo kubwa, na kabla ya hapo muombe kibali kwa wahusika, kwani nyumba za Mji wa Kale hazichokonolewi ovyo. Kisha muuache ukuta wazi ukauke na jua hili. Mvua zikiwahi, tungikeni turubai mbele yake lisiuguse. Ukishakauka, chokaa, na kila mwaka chokaa. Babako hakuwa bahili wa saruji, alijua alilolifanya.

Waniuliza nani amwambie Faiz. Si wewe, wewe umeshaahidi. Msomee mamako barua hii, kwa kuwa yaliyobaki ni yake.

Bi Zakiya, niwie radhi, nasema nawe kama mdogo wako. Ni kweli, mkwe hatahayarishwi. Lakini mkwe huombwa, na mkwe mwema akiombwa hufurahi. Kijana amekupenda hata akakutolea jasho lake, nawe wamficha jasho la ukuta mwaka mzima, ukaita heshima. Dari ikikuangukia, atatahayari umri wake wote, na wewe hutakuwapo kumwambia basi, mwanangu, si neno.

Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla Kombe hajaja na saruji yake, usifute ukuta, leso iache ikauke. Jitande, keti kitini, Khairiya asimame kando yako, mlango wa chumba uwe wazi. Mwite, "Mwanangu Faiz, karibu ndani, nina haja nawe." Atasita kizingitini, mwite tena. Na usiseme kitu mpaka aweke kiganja chake ukutani.