Mlango wa Nyuma wa Ghala

Makote, Newala

Kwa mwanangu Stamili,

Salamu nyingi zikufikie huko Lisekese. Wajukuu zangu hawajambo? Kifua cha yule mdogo kimetulia? Sisi huku tunapumua, ila maji ndiyo yale yale, bomba linakohoa tu. Simu yako haipatikani, basi nimeshika kalamu. Vumilia mwandiko, unajua shule niliiacha njiani.

Mumeo Shamte alipokamatwa kwa ule wizi wa ghala analolinda, ulisema huwezi kuishi na mwizi. Nami mama yako nikakufungia mzigo, nikakwambia nenda. Neno hilo sasa nalijutia.

Jana alikuja Erasto, fundi wa kengele za wezi, kukagua ghala la korosho. Nilikuwa nafagia, nikamwuliza mbona siku ya wizi mlango wa nyuma haukulia. Akacheka, akasema ule haukuwekewa kelele, makusudi, mwizi asishtuke. Kumbe kila mlango una namba yake. Ukifunguliwa tu, kile kisanduku cha ukutani kinatuma namba ya ghala na namba ya mlango kwa laini ya simu hadi ofisini kwao Masasi. Wa zamu wanaisoma kwenye kioo, wanampigia mlinzi. Sasa namba ya mlango wa nyuma ilikuwa inaingia kila alfajiri, na kila wakimpigia Shamte, anawajibu ni upepo. Wakachoka, wakawa hawaijali. Siku wezi walipokuja kweli, namba ilifika Masasi na hakuna aliyeinuka. Ndiyo maana polisi wanasema mumeo alikuwa anawazoesha.

Stamili, upepo ule ni mimi.

Ufunguo wa mlango ule ninao mimi mfagiaji. Alfajiri nilikuwa naufungua, nakatiza ghalani hadi uani kwenye tangi la maji ya mvua, nachota ndoo zangu kabla watu hawajaamka. Sikusikia kengele, nikajua kisanduku kimelala. Shamte aliniona. Alikuwa akigeuza uso, maana mkwe hamkodolei mama mkwe wake, nami nikadhani ni adabu tu.

Leo nimempelekea uji kituoni. Akainamisha kichwa vilevile. Nikamwuliza kwa nini hasemi ukweli. Akajibu, "Mama, nitalitajaje jina lako mbele ya askari?"

Ningekuwa mtu, ningeingia kwa mkuu wa kituo pale pale. Miguu ikanileta nyumbani. Ndiyo nimeona nikuandikie wewe kwanza, nisipate tena pa kujificha. Barua anakuletea Flora. Akishapanda gari, mimi naelekea kituoni kusema. Wakiniweka ndani, waniweke. Mumeo hajaiba hata punje. Njoo umpokee wewe, mwanangu, mimi sijui nitasimama wapi akitoka.

Nisalimie wifi yako Huruma kwa kukuhifadhi, na watoto uwabusu wote. Mungu akulaze salama.

Ni mimi mama yako mzazi,
Binti Majaliwa