Maua Mbele ya Karakana

Jumanne, 13 Januari

Nimefika kufungua karakana, nikakuta bustani. Masanduku manne ya mbao, marefu kama majeneza, yamekata mtaa wa Cobden pale pale penye kona yetu. Ndani kuna udongo na vijiti vinavyodaiwa kuwa maua ya lavenda. Baiskeli inapita. Mtu na mbwa wake wanapita. Gari halipiti. Na mimi, kwa bahati mbaya, nauza matairi ya magari.

Nimepiga simu halmashauri ya jiji. Sauti tamu ikanieleza: ni majaribio ya mwaka mmoja na nusu, hewa itakuwa safi, na maoni ya wananchi yalikusanywa. Lini? Wiki ya Krismasi. Basi ni kweli niliulizwa. Nilikuwa nimejaza bata mzinga mdomoni tu.

Karakana hii niliianza na jeki moja chini ya turubai. Sasa inauawa na lavenda.

Mume wangu, Wilf, akikasirika huchora. Kachukua ubao na rangi nyeupe, kaandika TUKO WAZI – ZUNGUKIA NYUMA YA BUSTANI, na chini yake kachora tairi lenye macho mawili na kicheko. Kautundika juu ya sanduku la kwanza.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekwenda kwa diwani. Kata yetu ya Millgate ina madiwani watatu, maana mmoja asingetosha kutofanya kitu. Huyu, Whitlock, hukaa maktaba Jumamosi moja kwa mwezi, kati ya vitabu vya watoto na mashine ya kutoa nakala, akisikiliza watu kama daktari. Daktari asiye na dawa.

"Masanduku si yangu, Bi Catterall. Yaliamuliwa na baraza dogo."

Baraza dogo ni watu tisa. Tunachagua madiwani sitini, wanaamua tisa. Na kiongozi wao hatumchagui sisi – wenzake wa chama humchagua wakiwa wamefunga mlango.

"Wewe ulipiga kura gani?"

"Sikuulizwa."

"Ungeulizwa?"

"Ningefuata chama." Akanisogezea sahani ya biskuti.

"Sasa kazi yako ni nini, diwani?"

Akafikiri, na kwa uaminifu kabisa. "Kukupa pole."

Nikala biskuti mbili. Ipo pia kamati ya kuchunguza maamuzi, aliniambia nikiondoka. Huchunguza baada ya jambo kutekelezwa. Ni kama kupima breki gari likiwa tayari mtoni.

Jumatano, 11 Februari

Mkutano wa halmashauri nzima. Mwananchi hupewa dakika tatu, na swali lipelekwe mapema ili jibu lipate kupikwa. Jibu langu lilikuwa limepikwa hadi likaungua: wameyasikia maumivu yangu, wanathamini biashara ndogo. Dakika zangu zikaisha.

Wilf alikuwa ameniambia, "Mwone meya, ndiye mkubwa." Nusu ya jiji hudhani hivyo. Meya wetu hufungua maonyesho ya mboga na kukata utepe. Hana amri hata juu ya ule mkufu wa dhahabu shingoni. Mwaka ukiisha anaurudisha.

Lakini nilikaa kule juu kwenye viti vya wageni nikahesabu vichwa. Chama cha masanduku: thelathini. Wengine wote wakijumlishwa: thelathini. Kura zikilingana, meya hupiga ya pili. Na meya ni wa chama hicho. Kumbe mama wa mkufu ndiye aliyenikalia mlangoni!

Wapinzani wameahidi hadharani: siku watakapokuwa thelathini na mmoja, kiongozi anaondoka na maua yake. Kiti kimoja tu.

Jumatatu, 23 Machi

Hapa kwetu hatuwachagui wote kwa mpigo. Kila mwaka theluthi moja, kila kata kiti kimoja, miaka mitatu mfululizo, wa nne tunapumzika. Ukiwachukia wote, inabidi uwachukie kwa awamu. Mei hii ni zamu ya kiti cha Whitlock, mmoja wa wale thelathini wa masanduku.

Nagombea. Sina chama, nina jeki. Sheria inataka wakazi wawili wa kata wakutilie sahihi. Balbir Kaur wa duka la vitambaa kanyakua kalamu kabla sijamaliza sentensi.

"Nipe niweke hata mara kumi, Noreen. Wateja wangu wanabeba majora mabegani hadi kituo cha basi. Ungedhani wanahama nyumba."

Wa pili ilikuwa awe Wilf. Kagoma. "Sijapiga kura tangu walipofunga bwawa la kuogelea. Wote wezi."

"Hata mimi?"

"Wewe bado. Subiri uchaguliwe."

Mwenye baa ya kona katia ya pili, kwa masharti kwamba nisimwombe tena kitu maishani.

Jumamosi, 18 Aprili

Milango, milango. Vidole vyangu vimechubuliwa na vile vijitundu vya kutumbukizia barua vyenye springi kama mitego ya panya. Kata ina wapiga kura elfu tisa, wanaojisumbua ni robo. Elfu moja na kidogo inakupa kiti. Nimewafungia matairi watu wengi kuliko hao.

Mmoja kaniuliza pipa lake la taka litachukuliwa lini. Mwingine kaniuliza vita vya nchi za mbali nitavimaliza vipi. Bibi mmoja wa namba kumi na nne kanisikiliza hadi mwisho, kisha: "Mjukuu wangu amejifunzia baiskeli pale kwenye masanduku yako, mpenzi. Kabla yake nilikuwa simwachi atoke hata mlangoni."

Si masanduku yangu, nikamwambia. Nikavuka kwenda nyumba nyingine. Haraka kidogo.

Nyumbani nimekuta kikaratasi cha Wilf kwenye birika. Hakina neno. Ni tairi dogo linalokonyeza jicho moja, na mshale kuelekea oveni, iliko pai. Lile la ubaoni lina macho mawili, ni la umma. La kukonyeza ni langu, miaka thelathini sasa. Krismasi nililidarizi kwenye kifua cha ovaroli yake. Akajifanya hajaliona, na hajaivua tangu hapo.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya kura. Ukumbi wa kanisa, penseli imefungwa kwa kamba, demokrasia ikiogopa kuibiwa penseli.

Wilf amekwenda! Kachana nywele, kabeba leseni ya udereva, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Nilimngoja nje.

"Umeweka alama?"

"Nimeweka."

"Ya X? Ndani ya kisanduku?"

"Ndani ya kisanduku. Alama yangu."

Mvua ikaanza, tukakimbilia gari. Bila mvua ningeuliza swali moja zaidi.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika kwenye benchi la ukumbi wa michezo kura zinakohesabiwa, chini ya ngazi za mazoezi. Kata nyingine zote zimetangazwa na hakuna kiti kilichohama. Imebaki Millgate. Wamerudia kuhesabu mara mbili. Whitlock 1,043. Mimi 1,043. Na karatasi moja inayobishaniwa.

Bila hiyo tumelingana, na sheria inasema bahati iamue: majina mawili ndani ya chombo, msimamizi wa uchaguzi aokote moja. Kopo la aiskrimu limeshaoshwa. Jiji la watu laki tatu, na linaongozwa na kopo.

Kwenye karatasi hiyo hakuna X. Ndani ya kisanduku changu kuna tairi lenye uso.

Msimamizi: mchoro haukugusa jina jingine, nia ni wazi, wameshahesabu michoro ya aibu zaidi kuliko huu. Wakala wa chama cha Whitlock akaruka kupinga. Karatasi ikimtambulisha mpiga kura, ni batili, na tairi hili liko kwenye ubao wa karakana.

Balbir, wakala wangu, hajawahi kung'aa hivi. "Ubao unaonwa na kata nzima, bwana. Yeyote angeiga. Tena tazama: la ubaoni lina macho mawili. Hili linakonyeza. Ni mkono mwingine kabisa."

Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Amekwenda kusoma kitabu chake cha sheria. Akirudi, amesema, atauliza swali moja tu mezani: kuna anayeitambua alama hii?

Whitlock kaja kunigawia nusu ya sandwichi yake. "Ningependa kushinda, Bi Catterall. Lakini kushindwa na tairi, walau nitapata cha kusimulia." Mtu mwema. Ndiyo kasoro yake.

Mtu hajapiga kura miaka yote hii. Anaamka siku moja, ananipigia mimi, na ananiandikia barua ya mapenzi juu yake. Nikinyamaza, nina kiti, na masanduku yanaondoka. Nikisema, nina kopo.

"Hata mimi?" "Subiri uchaguliwe."

Msimamizi amerudi. Anafuta miwani. Balbir ananipungia niende.

Na mlango wa ukumbi umefunguka. Kila mgombea anaruhusiwa mgeni mmoja, na mimi niliandikisha wangu. Huyo anakuja, kadi shingoni, anatabasamu, moja kwa moja kutoka kazini. Na ovaroli, ile niliyoidarizi kifuani.