Vidonge Vimetimia

Jumanne, 7 Machi
Dripu ya pili ya dawa ya saratani. Kiti cha dirishani nimepata mimi, cha jirani kakaa yule yule — Malkia. Jina nimempa mwenyewe, kimoyomoyo. Anakuja na mto wa kuegemea, na mume wa kumbebea huo mto! Tulianza siku moja. Saratani moja ya tezi, uvimbe shingoni upande ule ule, na virusi vya UKIMWI tunavyo wote wawili. Mume wangu alipojua nina virusi alifunga begi. Wake anammenyea chungwa.

Uvimbe wake umenywea. Wangu nimeupapasa mara tatu mbele ya kioo cha choo cha wodi. Upo pale pale.

Halafu hesabu. Kabla ya dripu nesi humwaga vidonge vyetu vya virusi kwenye sinia la bluu, anahesabu vilivyobaki, benchi zima linatazama. Vya Malkia vilitimia. Nesi akasema huyu ndiye mgonjwa wa mfano. Vyangu vilizidi tisa. Nikasema nilikuwa natapika. Ni kweli, siku mbili. Siku saba nyingine nilikitazama tu kidonge nikakirudisha koponi. Dripu peke yake inanitosha kichefuchefu.

Malkia aliinamisha kichwa, eti hajasikia. Bora angecheka.

Jumatatu, 27 Machi
Kesho kliniki. Nimevihesabu mwenyewe. Vimezidi kumi na moja. Nimevifunga kwenye karatasi ya chooni nikavuta maji. Viwili vikaelea. Nikavuta tena. Wifi akagonga mlango, anauliza kama tumbo limeniharibikia. Nikamjibu ndiyo. Kaka yangu kaoa mwanamke mwenye masikio.

Jumanne, 28 Machi
Vimetimia! Nesi kanisifu mbele ya watu. Malkia kapiga makofi, tena kwa moyo mweupe, na hicho ndicho kilichonikera. Kidogo tu nilijisikia mtu.

Wametutoa damu ya kupima wingi wa virusi. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatatu, 17 Aprili
Vinane. Safari hii maji nimevuta mara moja tu.

Jumanne, 18 Aprili
Daktari alikuja na wanafunzi wanne. Wakasimama katikati ya viti vyetu viwili kama watu sokoni wanaochagua vitambaa. Akawaambia wagonjwa hawa wameanza siku moja, dawa zile zile, kipimo kile kile. Mkitaka kubashiri nani dripu itamfaa, msianze na uvimbe, anzeni na wingi wa virusi. Mwili ambao virusi vimetulia unaipokea tiba. Ambao virusi vimechachamaa, mara nyingi saratani hairudi nyuma.

Hakusema nani ni nani. Wanafunzi walijua. Faili zilikuwa wazi: Malkia, virusi havionekani. Mimi, elfu arobaini na mbili.

Msichana mmoja mwenye miwani alinitazama kwa huruma. Nilitaka kumvua hiyo miwani.

Naona wivu. Basi, nimeandika. Naona wivu na shingo yake, na mumewe, na hilo neno “havionekani”. Leo nimemwombea mabaya. Si afe — avimbe kidogo tu. Naye, bila kujua, akanifunika miguu na shuka lake.

Alhamisi, 20 Aprili
Nimemeza. Nimetapika. Nimemeza kingine.

Ijumaa, 21 Aprili
Sikumeza.

Jumatatu, 8 Mei
Niliapa sitatupa tena. Binti yangu aliniuliza asubuhi kama nitakuja shuleni kwao siku ya kufunga muhula, nikamwambia nitakuja nimevaa gauni la njano. Nikaingia chooni nikiwa na nia ya kuviacha kama vilivyo. Halafu nikaliona akilini lile sinia la nesi. Nikamwona Malkia akiinamisha kichwa. Nimetupa sita.

Jumanne, 9 Mei
Naandikia benchini, nje ya mlango wa daktari. Dripu ya leo sijapewa.

Damu ya wiki iliyopita imetoa jibu: elfu sitini na kitu. Na chini ya sikio kimetokeza kivimbe cha pili. Daktari kasema hesabu yangu imetimia mara tatu mfululizo, kwa hiyo tatizo si mimi, ni vidonge vimeshindwa. Atanibadilishia. Dripu itasimama mpaka virusi vishuke. Miezi miwili, huenda mitatu. Nikamuuliza, na uvimbe je, utasimama pia? Akaniuliza taratibu: Mama, una uhakika unavimeza?

Ilitakiwa sentensi moja. Lakini pazia lilikuwa wazi, na upande wa pili Malkia anapimwa presha. Nikasema navimeza vyote.

Mlango haukufungwa. Namwona daktari anaandika barua ya kusimamisha dripu. Muhuri uko karibu na mkono wake.

Malkia katoka. Kakaa kando yangu bila kuuliza kama pana mtu. Akaniambia kwa sauti ya chini: “Huvimezi, dada. Nami nilikuwa navificha kwenye soksi, mwaka mzima. Nenda kamwambie kabla hajagonga muhuri.”

Hata hili kanitangulia.

Anangoja nijibu. Naandika ili nisimtazame. Daktari kafungua kibati cha wino wa muhuri —