Mwaka Mmoja au Mitatu

Jumanne, Lindi

Yule binti wa kampuni ya magari kule Dar kapiga simu tena. Anataka nichague mpango wa matengenezo wa gari la baba, lile la kifahari alilonunua enzi za korosho: mwaka mmoja au mitatu. Betri kubwa inayosaidia injini imechoka, na hapa hakuna fundi anayethubutu kuigusa; ukilipia mpango, wao ndio wanaoitunza kwa muda huo.

Kaka zangu wanasema niuze. Waseme tu, hawakai naye. Siku hizi baba ananiita kwa jina la marehemu mama na kugombana na kuta, ila nikimfunga mkanda kiti cha mbele anatulia. Gari halina kelele. Tunakwenda hadi Mchinga, tunageuza, na usiku analala.

“Chukua wa mitatu, dada,” binti akasema kwenye simu. “Wa mwaka mmoja utajuta.”

Nikamtazama baba, shingo ilivyopwaya ndani ya kola. Mitatu niilipie kwa kuamini nini, kwamba atafika? Na nikisema mmoja, nitakuwa nimesema nini juu yake, naye amekaa hapa hapa?

Nikamwambia binti nitampigia kesho. Jana pia nilimwambia hivyo.

“Nani huyo?” baba akauliza.

“Watu wa gari, baba.”

“Waambie bado tunalitumia.”